Maswali ya Wasomaji: Nampelekea sukari, yeye anataka nikae

Barua tatu nilizozichagua mwezi huu zimetoka Jambiani, Wete na Mwanakwerekwe. Walioziandika hawajuani, lakini wote wanauliza juu ya wakati: nani apewe, na nani anasubiri. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha. Kwa wasomaji wapya, mimi ni mkunga mstaafu, nimefanya kazi Unguja na Pemba, na ni muumini wa Kanisa Anglikana.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni dada wa miaka 27, Mkristo, kwetu ni Tabora. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Paje na nimepanga chumba Jambiani. Zamu zetu zinabadilika, wiki ya asubuhi, wiki ya jioni, na siku ya mapumziko ni moja tu, mara nyingi si Jumapili. Mwenye nyumba wangu ni bibi mzee, Muislamu, macho yake yameingia ukungu. Kila nikipita barazani ananiita, “Njoo ukae kidogo, mwanangu.” Namwambia nitarudi, halafu namletea sukari, mchele au boflo. Anapokea, anashukuru, na kesho ananiita tena. Mama yangu Tabora namtumia pesa kila mwezi kwa simu, naye juzi aliniambia, “Pesa zako nazipata, wewe sikupati.” Sasa kanisani tumehubiriwa kwamba wakati ni zawadi ya Mungu na tuutumie kwa ajili ya wengine. Nilitoka na uzito moyoni. Bibi, pesa yangu ni jasho langu, ni saa zangu zile zile. Haiwezi kusimama mahali pa wakati? Na mtu asiye na wakati atoe nini?

Dada wa mapokezi

Marahaba, mwanangu. Kwanza nataka usikie hili: pesa unazomtumia mama yako ni upendo, na mchele unaomwekea bibi ni upendo. Mtu asije akakwambia kwamba ni kitu duni. Mzee asiye na sukari ndani hawezi kushiba maongezi.

Tena hoja yako ina nguvu kuliko unavyodhani. Tukisoma mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, tunaona dinari moja ndiyo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi yule Msamaria wa Luka 10, aliyemkuta njiani mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, alipompa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, alitoa siku mbili za jasho la mtu. Pesa kweli ni saa, kama ulivyosema.

Ila tazama zilitoka lini. Wahubiri wetu wanapenda mafuta na divai aliyomimina kwenye majeraha, halafu wanakimbilia dinari. Katikati pana usiku mzima. Alimfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza. “Hata siku ya pili” ndipo akatoa pesa. Yule alikuwa msafiri mwenye shughuli zake, njia ile ina wanyang'anyi, na bado alilala pale kando ya mtu asiyemjua. Asubuhi, alipokuwa lazima aondoke, ndipo pesa zikaingia kuendeleza kazi ambayo mikono yake ilikwisha ianza. Na hata hivyo akaahidi kurudi.

Wewe, mwanangu, umeanzia asubuhi ya pili. Usiku ule umeuruka. Hilo ndilo bibi anakuitia.

Soma na Mathayo 25. Mwenye njaa alipewa chakula, mwenye kiu alinyweshwa, aliye uchi alivikwa. Vyote hivyo vina bei sokoni. Ukifika kwa mgonjwa, Bwana anasema, “nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama.” Hakusema mkaniponya, wala mkaninunulia dawa. Na wa kifungoni vivyo hivyo, “mkanijia.” Hawa wawili waliletewa mtu tu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na naweza kushuhudia kwamba mgonjwa anajua, kabla hujafungua mdomo, kama umekuja kwake au unapita tu kitandani pake.

Nitakusimulia jambo moja la Pemba. Alikuja mama mdogo, mimba ya kwanza, uchungu bado unachelewa, unakuja na kukatika. Hakuwa na hatari yoyote. Kwa kazi ya kitabibu hapakuwa na la kufanya ila kupima na kuandika. Mwenzangu wa zamu, muuguzi hodari sana, alikaa naye, lakini alikuwa na saa kifuani, ile ya kubana kwa pini, na kila baada ya muda aliitupia jicho. Kila alipoitazama, yule mama aliuliza, “Unaondoka?” Mwenzangu akijibu siondoki, na kweli hakuwa anaondoka. Baadaye nilimpokea. Niliivua saa yangu nikaitia mfukoni, nikawa naitoa pale tu ninapopima. Yule mama alinishika vidole viwili vya mkono wa kushoto, akavishika hivyo hivyo baina ya uchungu mmoja na mwingine, na lile swali hakuliuliza tena. Mimi na mwenzangu tulimpa muda ule ule. Wangu aliuamini kuwa ni wake.

Hapo ndipo ninapoona jibu la barua yako. Kitu ukishampa mtu, ni chake, na yeye ndiye anayeamua akitumieje. Ukimpa bibi nusu saa halafu ukaikalia ukiihesabu, simu mkononi, umemkopesha tu. Mpe robo saa iliyo yake kweli kweli. Yeye achague maongezi, hata kama ni kisa kile kile cha harusi ya dada yake. Simu iache chumbani.

Na saa ya kumpa, uliza yeye anaihitaji lini. Wewe unaishi kwa ratiba ya zamu, lakini Jambiani wanaishi kwa maji. Wanawake wa mwani hufuata bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapotoka mbali na mashamba ya mwani yakabaki wazi. Huku kwetu maji ya bamvua hutoka sana kama saa nne asubuhi. Siku hizo binti zake, wakwe na majirani wote wako pwani wanafunga mwani, watoto wako skuli, wanaume wako baharini au mjini. Nyumba inabaki na mzee mmoja asiyeona. Siku za maji mafu, maji yasipotoka mbali, mtaa umejaa watu, akiita ataitikiwa. Basi wiki yako ya zamu ya jioni ikiangukia bamvua, saa nne ile uko chumbani kwako. Toka ukae barazani. Hutakuwa umepunguza hata dakika moja ya kazi, na utakuwa umemfikia pale khasa alipo peke yake.

Kama huwezi kukaa bure, na watu wa kazi wengi hatuwezi, muombe akufundishe kusuka ukili, ule mkanda wa majani wa kushonea mikeka. Vidole vya wazee wa Jambiani havihitaji macho kwa kazi hiyo. Wewe mchanie miyaa, ndiyo majani yenyewe, umpe mkononi, yeye asuke. Utashangaa jinsi mtu anavyosema mengi akiwa na ukili vidoleni. Ukimkuta anaswali, subiri nje. Na usiende na maneno ya kumgeuza dini, mwanangu, hilo nakusihi. Akikuuliza kwa nini unakuja, mwambie ukweli, kwamba Bwana wako amekuagiza uwatazame watu. Hapo utakuwa umesema vya kutosha.

Ulisema huna wakati. Nakubali kwamba unao mchache. Ile zamu umeiuza kwa mshahara, ni ya mwajiri, usiiibe hata kwa ajili ya bibi. Lakini huo mchache uliobaki ni wako, na sisi wa visiwa hivi tuna sababu ya kulishika jambo hilo kwa uzito. Ukiingia Kanisa Kuu la Mkunazini unakanyaga palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mimi nikipiga magoti pale huwa nawafikiria akina mama waliouzwa. Waliporwa mengi, na mojawapo ni hili: mama hakuweza kusema, leo mwanangu ana homa, nitakaa naye. Siku zake zilikuwa na mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hana uwezo wa kumzawadia mwenzake hata asubuhi moja.

Watumwa waliokombolewa walipopelekwa Mbweni, nje ya mji, alikuja kuwafundisha wasichana wao mwalimu mmoja Mwingereza, Caroline Thackeray. Alifika mwaka 1877. Shule ilipokwisha kuwa mikononi mwa wengine hakurudi kwao kuzeekea huko, alibaki, akafia hapa Zanzibar mwaka 1926. Sikutajii huyu ili nawe utoe maisha yote. Namtaja kwa sababu wasichana wale walitoka katika utumwa, na yeye alikaa nao kwa hiari yake, bila kuwa amewanunua. Kukaa kwake tu kulikuwa somo kabla ya hesabu na kusoma.

Sasa mama yako. Pesa endelea kutuma. Lakini mpigie siku ambayo hutumi pesa. Naona simu zenu zote zimefungwa kwenye muamala: nimetuma, imeingia, asante, haya. Piga ukiwa umekaa, si ukiwa njiani kuikimbilia daladala, na uliza jambo ambalo majibu yake ni marefu. Muulize kuku. Muulize jirani yenu mgonjwa anaendeleaje. Kisha nyamaza. Na likizo yako ya mwaka usiiombe Desemba, maana hoteli zimejaa na watakunyima. Iombe masika. Aprili na Mei wageni wanapungua, hoteli nyingi za pwani ya mashariki hupunguza kazi, na meneja atafurahi mtu akiondoka. Panda boti mpaka Dar es Salaam, chukua treni mpaka Tabora, ukampikie mama yako.

Siku yako ya mapumziko, lala. Fua nguo zako. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na mhudumu aliyechoka anawasemea watu vibaya, nimeliona wodini. Na kama uko kwaya, mwambie kiongozi wako waziwazi ni mazoezi gani utafika na yapi hutafika, asikuhesabu bure. Wanaokasirika ni wale wanaoahidiwa kila mara na kuachwa.

*

Bibi, hujambo? Mimi ni mzee wa kanisa hapa Wete. Jumapili moja asubuhi nilikuwa nimevaa, niko njiani kwenda ibadani ambako nilipangiwa kusoma somo, nikasikia jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amefariki alfajiri na anazikwa kabla ya adhuhuri. Nilikwenda mazikoni. Baadhi ya wenzangu kanisani wamenung'unika kwamba nilimwacha Mungu nikafuata watu, tena watu wa dini nyingine. Nilikosea?

Hukukosea, ndugu yangu. Katika Luka 14 Bwana aliwauliza ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani hamwopoi siku ya sabato, wakakosa jibu. Hapa tunazungumza mtu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ndugu zetu Waislamu huzika upesi, na mazishi hayasubiri ibada yetu iishe. Somo angeweza kulisoma mwingine. Nafasi yako kwenye jeneza la jirani yako hakuna mwingine kanisani ambaye angeijaza.

Hao wanaonung'unika waulize siku walipofiwa wao, majamvi waliyokalia watu yalitoka nyumba za nani, na maji aliwatekea nani. Mimi nimeishi Pemba na najua jibu. Kilichobaki ni adabu ndogo tu: siku nyingine mtume mtoto kanisani ampe padri habari, asije akasimama mbele akikutafuta kwa macho. Na mkeo aendelee kwenda kukaa na mjane hata matanga yakishakwisha, maana watu wakitawanyika ndipo nyumba inapokuwa kubwa.

*

Shikamoo Bibi. Naandika kutoka Mwanakwerekwe, nimeolewa, tuna watoto watatu. Mume wangu ni mtu mwema sana, kila mtu kanisani anamsifu. Yuko kamati ya ujenzi, umoja wa wanaume, huduma ya wagonjwa, na kila jioni akitoka kazini anapitiliza huko. Anarudi watoto wamelala. Mtoto wetu mdogo aliniuliza kama baba ana nyumba nyingine. Nikimwambia mume wangu, ananijibu kwamba kazi ya Mungu haina saa na kwamba mimi namrudisha nyuma kiroho. Naogopa kwamba labda ni kweli.

Marahaba, mwanangu. Si kweli, na usiogope.

Hebu fungueni pamoja Marko 7, kuanzia mstari wa 9. Palikuwa na watu waliowaambia wazazi wao: kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, yaani nimekitolea kwa Mungu, siwezi kukupa tena. Ilionekana kama uchaji mkubwa. Bwana hakuipokea hata kidogo. Aliwaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu. Jioni za mume wako zilikuwa na wenyewe kabla kamati haijaundwa. Amewachukulia watoto kilicho chao akakipeleka madhabahuni, na Bwana hakumtuma afanye hivyo. Simwiti mtu mbaya. Nadhani ni mtu ambaye kanisani anapewa asante kila anapogeuka, na nyumbani anakuta sufuria na madaftari ya skuli. Wanaume wengi wema huteleza hapo, na wanawake wengi wa kanisa vilevile, tena mimi nimewaona wengi zaidi upande wetu wa wanawake.

Kuna jambo nakuomba ulipime kwa haki. Huduma ya wagonjwa usimwombe aiache. Mgonjwa aliyemzoea, asipomuona tena, anajiona amekufa kabla ya kufa. Lakini kamati ya ujenzi ina watu wengi, na vikao vingi, mimi navijua, vinaanza saa moja baada ya muda uliotajwa na kumalizika kwa chai. Hapo ndipo pa kukata.

Usimwambie usiku akirudi amechoka, wala mbele ya watoto. Jumamosi asubuhi, mkishakunywa chai, mwambie lile swali la mtoto kama lilivyo, kwa maneno ya mtoto, bila kuongeza lako. Halafu muombe jioni mbili za wiki, uzitaje kwa majina yake, Jumanne na Alhamisi kwa mfano, awe nyumbani kabla ya magharibi kungali na mwanga. Jioni hizo asikae mbele ya televisheni. Mtoto mdogo amwogeshe yeye. Wakubwa wampeleke kununua mishikaki na urojo huko njiani, wao wakichagua pa kukaa. Na wewe jioni hizo mbili usimjazie orodha ya bomba linalovuja na ada za skuli, hayo yatafutieni saa nyingine.

Akikataa, muombe mwende wote wawili kwa padri wenu. Mwende wote, usiende kumshitaki peke yako. Padri ndiye anayempangia vikao vyote hivyo, na huenda hajui kabisa kwamba mtu wake anarudi nyumbani saa nne za usiku.